Ndoo Si Njoo: Mwongozo wa KCSE kwa Mzazi wa Visiwani

Dalili ya kwanza ni taa. Saa nane za usiku mtaa mzima wa Langoni umelala, hata punda wamenyamaza, na chumba cha kijana wako kingali kinawaka. Usidhani anazungumza na mchumba kwa simu, ingawa huenda. Dalili ya pili ni kwamba ameanza kujibu kwa herufi. Ukimuuliza mok, ule mtihani wa majaribio, ilikwendaje atasema "C plain", kwa sauti ya mtu anayetaja homa aliyoizoea. Ukiziona dalili hizo mbili pamoja, pokea pole zangu. Nyumbani mwako mna mtahiniwa wa kidato cha nne, na kuanzia leo hadi Januari wewe si mwenye nyumba tena.

Mwongozo huu ni wako wewe usiyejua. Wanaojua wana vitabu vya marudio, wana walimu wa tuisheni, wana shemeji Mombasa aliyewahi kusahihisha. Wewe una mashua na heshima ya mtaa, na vyote viwili havimo katika silabasi.

Herufi

Ziko kumi na mbili. Zinaanzia A na kuishia E, zingine zimetiwa alama ya kujumlisha na zingine ya kutoa, kama mchuzi ulioonjwa na watu wawili. A ina pointi 12, E ina pointi moja. Baraza la Mitihani huhesabu masomo saba, kwa hiyo kilele ni pointi 84, na A ya jumla huanzia 81. Hizo 81 usizikariri, huenda hazikuhusu. Kariri 46.

Pointi 46 ni C+, na C+ ndiyo lango la shahada ya chuo kikuu. Pointi 45 ni C, na C ni kijana mwema aliyesimama nje ya lango akiwa ameshika fomu ya diploma. Tofauti ya pointi moja ni herufi moja iliyopanda au kushuka katika somo moja: B+ iliyogeuka B, kwa sababu ambayo nitaieleza nikifika kwenye Kiswahili, kwa kuwa hapo ndipo penye kidonda changu. Ukishuka mpaka 25 umefika D+, ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikifungua milango ya jeshi na polisi. Usimcheke mtoto wa jirani aliyepata D+. Miaka miwili baadaye ndiye atakayekusimamisha gatini akuulize kitambulisho.

Hakuna F. Baraza lilifika E likaona inatosha. Ila ziko herufi mbili nyingine ambazo watu hawazitaji mbele ya wazee. X ni ya asiyehudhuria. Y ni ya aliyefutiwa matokeo kwa udanganyifu, na ikianguka huanguka kwa wingi: katika mtihani wa 2015 ilianguka juu ya watahiniwa zaidi ya 5,000.

Sasa sikiliza hili, maana wazazi wengi hukosea hapa. Mtoto akikuambia amepata alama 62 kwa mia, usimpongeze wala usimpige. Hujui bado ni nini. Mipaka ya herufi huwekwa upya kila mwaka na kwa kila somo baada ya karatasi kusahihishwa, na 62 inayopigiwa vigelegele katika Hisabati inaweza kuwa ya kawaida tu katika somo jingine. Wewe ni mtu wa pwani, utaelewa upesi: nguzo ni ile ile, maji ndiyo hupanda na kushuka.

Na huweza kushuka sana. Katika mtihani wa 2015 waliopata A nchini walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka uliofuata Fred Matiang'i alikuwa ameingia wizarani, George Magoha amekalia kiti cha mwenyekiti wa Baraza, makontena ya karatasi za mtihani yametiwa kufuli mpya, na A zikawa 141. Mia moja na arubaini na moja, nchi nzima! Wako waliosema watoto wamekuwa wajinga ghafla. Wako waliosema hapana, ujanja ndio uliopungua. Mimi nilikuwa barazani nikinywa kahawa, na mzee mmoja akauliza swali ambalo sijalisikia likijibiwa: wale 2,600 wa mwaka jana, sasa wako wapi? Wako vyuoni, tukamwambia. Wanasomea nini? Udaktari. Akaweka kikombe chini.

Tangu 2023 hesabu imebadilishwa kidogo. Hisabati ni lazima, na lugha moja ni lazima, Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, ile aliyofanya vizuri zaidi. Kisha masomo mengine matano bora. Habari hiyo ilipofika Amu, ndiyo Lamu ya ramani, ilipokewa kwa furaha. Watu walisema: basi tumepona, lugha ni yetu.

Lugha ni yetu

Kaa kitako.

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni Insha, 102/1, saa moja na dakika arubaini na tano, insha mbili, kila moja alama 20. Msahihishaji hupanga insha kwa viwango: D ni alama moja hadi tano, C sita hadi kumi, B kumi na moja hadi kumi na tano, A kumi na sita kwenda juu. Kila kosa la sarufi hupigiwa mstari, kila kosa la hijai lina alama yake, na karatasi ya mtoto hutoka ikiwa na wekundu kama mgongo wa mtu aliyelala juani Shela.

Nilipokuwa kidato cha nne niliandika insha ya mok juu ya methali. Nilimtia mama ndani, amesimama mlangoni, mvua inanyesha, anamwita mwanawe. Nikaandika alivyoita: "Ndoo ndani!" Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, mwema, mwenye kalamu kali. Alizungusha duara jekundu, na kando yake akaandika: *Ndoo ya nini?*

Nilimfuata ofisini. Nikamwambia, mwalimu, ndivyo anavyosema mama.

"Basi bahati nzuri," akasema, "mama yako hatahiniwi."

Alikuwa na haki. Kwetu Amu njoo ni *ndoo*, njia ni *ndia*, njaa ni *ndaa*, nchi ni *nti*, macho ni *mato*, moja ni *moya*. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kamati iliyofuata 1930. Ushindani unaokumbukwa ni wa Kiunguja na Kimvita. Kiamu hakikufika fainali. Wakati huo Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulikuwa umepita umri wa karne mbili, na Mwana Kupona alikuwa amemwandikia bintiye utendi wake 1858. Silalamiki. Lugha ya taifa lazima itoke mahali. Nakuonya tu kwamba mtoto wako anaingia chumba cha mtihani akiwa na lugha mbili zinazofanana kama pacha, na moja ya hizo humponza.

Karatasi ya pili, Lugha, ina sehemu ya isimujamii. Humo mtahiniwa anaweza kutakiwa kutaja lahaja za Kiswahili. Akiandika "Kiamu" anapata alama. Kwa hiyo mfundishe hivi: Kiamu ni cha kutajwa, si cha kutumiwa. Humo pia anaweza kuulizwa sifa za sajili ya sokoni, naye amekulia soko la samaki, amesikia mnada tangu akiwa mgongoni. Mwambie asiandike anayoyajua. Aandike kwamba wazungumzaji huchanganya ndimi na hupatana bei. Yaliyobaki, hasa yale aliyoyasikia kwa wavuvi wawili wakigombania changu mmoja, ayaache huko huko.

Sehemu ya matumizi ya lugha itamtaka abainishe shamirisho kipozi, kitondo na ala. Usiogope majina. Bibi amempikia mjukuu wali kwa chungu: wali ni kipozi, mjukuu ni kitondo, chungu ni ala. Bibi yangu aliwatumia wote watatu kila siku ya Mungu na hakuwahi kujulishwa kwao.

Lakini shimo lenyewe liko karatasi ya tatu, Fasihi, swali la ushairi. Huletwa shairi, na mtahiniwa hutakiwa aeleze jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake. Jibu linalotakiwa ni inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi, na matumizi ya lahaja, kila moja na mfano wake. Wiki ile ile ya duara jekundu tulipewa shairi lililokuwa na neno *mato*. Wageni wote darasani, watoto wa walimu na wa maaskari, waliandika upesi: mshairi ametumia "mato" badala ya "macho", uhuru wa mshairi, alama moja. Sisi wa Amu tulilisoma shairi mara tatu, tukaona limenyooka, hatukuandika kitu.

"Hukuliona *mato*?" mwalimu akaniuliza.

"Nililiona, mwalimu. Sikuona lina nini."

Basi hesabu mwenyewe. Neno la mama likiwa mdomoni mwa mshairi aliyekufa ni uhuru, na asiyeutambua hupoteza alama. Likiwa kwenye kalamu ya mwanawe ni kosa, na mwenye kuliandika hupoteza alama. Mtoto wa Amu hupigwa akienda na hupigwa akirudi, na mara nyingi upana wa kipigo ni huo huo wa B+ kuwa B, na 46 kuwa 45.

Dawa ninayoijua ni moja, nayo ni chungu: kwa miezi mitatu ya mwisho, zungumza na mwanao kama redio. Sema "njoo". Sema "njia". Atakucheka siku mbili, ya tatu atazoea. Wewe hutazoea.

Bahari haina ratiba ya Nairobi

Ratiba huletwa na Baraza na hubandikwa ukutani. Kando yake bandika jedwali la maji. Mtihani wa nadharia huja Novemba, katika matlai, kusi imekwisha na kaskazi haijashika, bahari imelala kama maziwa. Hiyo ni neema. Lakini bamvua haiulizi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hupwa sana, na kwa upande wetu huwa yamekauka kabisa kwenye saa nne asubuhi hivi, yaani katikati ya asubuhi ya mtihani. Anayeujua Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, anajua maana yake. Boti hukwaruza, abiria hushuka, na mtu mzima mwenye mkoba hujikuta amesimama katika maji ya magoti akisukuma.

Kwa hiyo kijana anayevuka maji kwenda shule asivuke msimu huo. Apelekwe mapema alale kwa shangazi, hata kama shangazi ana maneno. Mashua ikipanda fungu, nahodha atasema fungu limehama. Baraza litaandika X.

Karatasi zenyewe nazo ni abiria. Hukaa katika kontena la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa naibu kamishna wa kaunti na mwingine kwa mkurugenzi wa elimu, na kila asubuhi mwalimu mkuu huja kuchukua mzigo wa shule yake mbele ya askari. Huko bara mzigo hupanda gari. Huku hupanda boti panapokuwa na maji, na utamwona askari wa kutoka mlimani, bunduki kwa mkono mmoja, mkono mwingine umekamata ukingo wa boti, midomo yake ikisema kitu ambacho hakimo katika kanuni za kusimamia mtihani. Ukimwona hivyo msalimu kwa adabu. Huyo kwa muda wa wiki tatu ndiye aliyeshika mustakabali wa mwanao, naye hajui kuogelea.

Mambo madogo yenye hatari

Telegram kwanza. Kila mwaka, mwezi wa Oktoba, hutokea mtu asiye na sura anayeuza karatasi za mtihani. Atakutumia picha yenye ukungu, nusu yake imefunikwa kidole, na namba ya M-Pesa. Mara nyingi hiyo ni karatasi ya mwaka mwingine iliyobadilishwa tarehe. Ukipigwa, huna pa kwenda: utaingia kituo cha polisi useme nini? Kwamba uliagiza wizi ukaletewa bandia?

Mwakenya pia ni ya kuogopwa. Ndilo jina la kile kikaratasi kilichokunjwa mpaka kikawa kama hirizi, kimejaa kanuni za Kemia. Limetokana na kundi la siri la miaka ya 1980, ambalo karatasi zake zikikutwa mfukoni mwako ulikuwa ukienda jela. Kizazi cha leo kimesahau kundi, kimebakiza karatasi. Adhabu yake ni Y.

Kombe linaruhusiwa. Tangu 2016 shule zimezuiwa kufanya siku za maombi na kupokea wageni muhula wa tatu, lakini amri hiyo haikufika jikoni kwako. Mwandikishie mtoto aya kwa maalim, kwa zafarani na maji ya mawaridi, anywe kwa nia safi. Ila asinywe kikombe kikubwa asubuhi ya mtihani. Kwenda msalani ni kwa kusindikizwa, na mtahiniwa anayesindikizwa mara tatu huanza kutazamwa.

Tamasha la utamaduni la Lamu kwa kawaida nalo huangukia Novemba. Goma zitalia, punda watakimbizwa, majahazi yatashindana, na mtahiniwa wako atakuwa darini na kitabu cha Bayolojia kichwa chini miguu juu. Usimzuie kutazama kabisa. Mpe mbio moja ya punda. Utajuta ukimpa mbili.

Siku yenyewe

Matokeo hayana tarehe. Watu walizoea kuyangoja hadi mwaka mpya, kisha mwaka 2016 yakatangazwa Desemba 29, wengine wakiwa arusini. Ya 2023 yalitoka Januari 8, 2024. Ya 2024 yakatoka Januari 9, 2025. Waziri husoma takwimu kwa muda mrefu, na wewe unakodolea televisheni ukitumaini atataja kisiwa chako, hataji. Kwa miaka mingi tulikuwa tukituma namba ya mtahiniwa kwa 20076 na kungoja. Mtandao huzidiwa. Ule ujumbe wa kusema "jaribu tena baadaye" umewahi kuniliza kuliko herufi yoyote.

Atakapofika mtu wa kwanza mlangoni, naye atafika kabla hujavaa kofia, jibu lako ni neno moja: "Amepita." Neno hilo halina maana yoyote rasmi. Baraza halitangazi aliyepita wala aliyeanguka. Kila mmoja hupewa cheti na herufi zake. Kwa hiyo si uongo. Akizidi kuuliza "amepata ngapi?", mkaribishe kahawa, na umuulize yeye habari za mwanawe wa mwaka jana.

Kisha itabidi ufuate cheti chenyewe. Kama kuna karo iliyobaki, huenda ukaambiwa cheti kipo, kimefungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati ni salio. Serikali imeagiza mara nyingi vyeti vitolewe. Beba nakala ya agizo. Beba na pesa.

Wale wenye watoto wadogo wanajifariji kwamba haya yote yanakwisha. Ni kweli: KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa 2027, miaka 38 tangu ile ya kwanza ya 1989. Mtaala mpya umekwisha kufika kwangu. Mdogo wetu wa mwisho alifanya mtihani wa kwanza wa gredi ya tisa mwaka 2025, na huko hakuna D wala E, kuna kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa chini yake, kila moja imegawanywa mara mbili. Nilimsomea bibi yake karatasi ya somo moja: kukaribia matarajio. Bibi akafikiri. Akataka kujua kama ni kama mashua, inaonekana lakini haijatia nanga. Nikamwambia ndiyo. Akauliza ni matarajio ya nani, nikasema ya serikali, akatulia.

Kiswahili alikizidi. Kijana huyo amekua tukizungumza naye kama redio tangu darasa la kwanza, kwa ushauri wangu mwenyewe. Hajapata duara jekundu hata moja. Juzi manyunyu yalianza, naye alikuwa barazani na simu yake. Bibi akatoa kichwa mlangoni akamwita, "Ndoo!"

Akainuka kwa adabu, akapita nyuma akaenda bafuni, akarudi nayo, nusu imejaa maji. Bibi aliitazama kidogo, kisha akaipokea.